Kitenge Juu ya Kibodi

Nilijifunza kupiga taipu mikono yangu ikiwa imefunikwa. Ilikuwa Bukavu, katika chumba chenye mashine kumi na mbili za chuma, na mwalimu wetu alikuwa na kipande cha kitenge kwa kila mwanafunzi. Ncha mbili alikufunga shingoni, ncha mbili akazibana kwenye mashine, mikono ikabaki gizani chini ya kitambaa. Macho yakae kwenye karatasi unayonakili, alisema, na yasitoke huko mpaka ukurasa uishe. Aliyechungulia vidole alianza upya. Aliyetazama alichokwisha kuandika alianza upya pia, kwa sababu, kwa maneno yake, sekretari asiyeiamini mikono yake bado si sekretari.

Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na sioni haya kulisema. Baadaye nilifanya kazi miaka kumi na moja katika ofisi moja ya serikali, na mkubwa wangu alikuwa na tabia ya kuwaleta wageni mezani pangu waone ninavyoandika barua huku nikiwaangalia usoni na kujibu salamu zao. Nilijifanya sipendi. Nilipenda sana.

Hapa Maryland hakuna aliyeniuliza habari za vidole vyangu. Tulipofika, mimi na binti yangu, nilipata kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Kila fomu iliyotaka kujua nimewahi kufanya kazi gani niliijaza vivyo hivyo, mtunza wazee, kwa kuwa nafasi ya kuandikia ilikuwa fupi na sikuwa na hamu ya kumweleza mtu maisha yangu. Nimefanya kazi hiyo miaka sita na wazee wangu nawapenda, hata yule anayenificha miwani yake ili nikae zaidi. Lakini mgongo ulianza kulalamika, na daktari akaniambia waziwazi kwamba nikiendelea kunyanyua watu, siku si nyingi nitanyanyuliwa mimi.

Ndipo rafiki yangu Mkenya, muuguzi ninayesali naye kanisa moja huku Lanham, akaniletea habari. Kliniki moja kule Annandale ilikuwa inatafuta karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Kukaa kwenye kiti, kuandika, saa tisa alasiri uko nyumbani. Sharti kubwa lilikuwa mtihani wa kuandika kwa kompyuta, maneno arobaini kwa dakika. Niliposikia arobaini nilicheka mpaka nikashika mbavu. Arobaini nilikuwa naandika nikiwa na usingizi.

Siku ya mtihani msimamizi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alinikalisha mbele ya kompyuta, akaweka karatasi kando na kuniambia nianze. Nikaanza. Sikuangalia kibodi, niiangalie kwa nini? Sikuangalia skrini pia. Macho kwenye karatasi kwa dakika tano nzima, mgongo umenyooka, vidole vinakimbia, na moyoni nilikuwa naimba. Muda ulipokwisha nilikunja mikono mapajani kama nilivyofundishwa.

Yule mama alisogea, akatazama skrini, akavua miwani na kuifuta, kisha akatazama tena. Akaigeuza skrini upande wangu taratibu. Maneno mazima yalikuwa machache ya kuhesabu. Kila penye a palikaa q, kila m imegeuka alama ambayo sikuijua inatafuta nini pale, z na w zimebadilishana viti. Ukurasa mzima, kwa kasi ya ajabu, upuuzi mtupu.

Naomba nieleweke. Kibodi ninazozijua mimi ni za Kifaransa, na kwenye hizo herufi kadhaa zimepangwa tofauti na za Kiingereza. Laptopu yangu niliyotoka nayo nyumbani ni ya Kifaransa. Simu yangu pia nimeipanga hivyohivyo. Katika miaka sita ya Marekani sikuwahi kukaa mbele ya kibodi ya Kimarekani nikaandika hata aya moja, maana wazee hawaandikwi, wanageuzwa na kuogeshwa. Mwanafunzi mvivu angechungulia skrini baada ya neno la kwanza na kugutuka. Mimi niliyefundishwa vizuri nilikwenda nao upuuzi ule mpaka mwisho.

Msimamizi aliuliza kwa upole kama ninajisikia vizuri. Aliniambia naweza kurudi baada ya mwezi mmoja, nafasi bado ingekuwepo. Nilishukuru, nikaenda chooni, nikalia. Haikuwa kazi peke yake iliyoniliza. Miaka yote ile ya kuogesha watu nilikuwa najiambia kwamba chini ya glovu za mpira kuna sekretari, na sasa nimekiona kwa macho yangu kilichokuwa chini ya glovu.

Rafiki yangu alikuwa ananisubiri kwenye gari. Nilipomsimulia alijikaza asicheke, akashindwa.

"Pole, dadangu. Lakini si ni kibodi tu? Tutabuy laptop ya huku, upractice, umalize hiyo maneno."

"Mie siwezi kurudia chekechea," nilimjibu. "Ile klavie ya Waingereza haina akili. Nani aliweka a pale?"

"Wewe unataka kazi ama unataka kubishana na kibodi?"

Jumamosi akanipeleka College Park, kwa mzee mmoja Mmarekani mweusi anayeuza kompyuta zilizotengenezwa upya, katika duka dogo lisilozidi sebule yangu. Alipotusikia tukiteta mlangoni uso wake ulichangamka.

"Shikamoo, mama," aliniambia. "Karibuni sana. Je, mnahitaji kompyuta mpakato?"

Rafiki yangu na mimi tulitazamana. Mzee huyo alijifunza Kiswahili chuoni zamani na hajakiacha, na kila neno lake limepigwa pasi. Kwetu hatusalimiani hivyo, na hata kama tungesalimiana, mwenye mvi alikuwa yeye. Nikaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Ilibidi nikumbuke kwamba ndiyo, nahitaji hiyo kompyuta aliyoitaja, na kwamba mimi huiita laptopu tu.

Alinionyesha moja ya kijivu, nyepesi, kibodi yake inabonyea vizuri. Niliigusa na kuipenda, kisha nikaona zile herufi zimekaa vibaya, nikakasirika upya. Nikamweleza mzee yaliyonikuta na jinsi vidole vyangu vilivyo na mambo yao.

"Kama huangalii vitufe," alisema baada ya kufikiri, "maandishi yaliyo juu yake hayakuhusu. Naweza kuiagiza kompyuta ifuate mpangilio wa Kifaransa. Ukibonyeza mahali ulipopazoea, utapata herufi uliyoizoea."

Alibonyeza hapa na pale, akanisogezea. Niliandika sentensi nzima bila kuangalia na ikatoka safi, kila herufi mahali pake. Nusura nimkumbatie. Rafiki yangu alikuwa nje anaongea na simu. Nikalipa, nikatoka na boksi langu nikijiona mjanja kupita Waingereza wote.

Wiki ile nilikuwa na raha ambayo sasa inanichekesha. Kila nikirudi kutoka kazini niliketi jikoni na kuandika. Niliandika barua kwa baba, nikaandika ratiba ya akina mama wa kanisa, nikaandika hata maelekezo ya kupika sombe, majani yetu ya muhogo, ambayo hakuna aliyeniomba. Kasi yangu ilirudi yote. Binti yangu, aliye na miaka kumi na tano na hunijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kula, aliniuliza kama ile ndiyo kibodi ya Kiingereza niliyokuwa naiogopa. Nikamwambia unaona sasa, mama yako haogopi kitu.

Jumapili nikaipeleka laptopu kanisani. Baada ya ibada rafiki yangu akaikalia aandike tangazo la chai ya akina mama. Aliandika maneno mawili akasimama.

"Hii kitu imerogwa? Naandika chai inatoka chqi."

Nilimweleza kwa fahari ujanja wa mzee wa College Park. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga laptopu polepole.

"Na siku ya test," aliniuliza, "utabeba hii yako?"

Nilikuwa nimenunua kibodi ya Kiingereza na kuificha ya Kifaransa ndani yake, na wiki nzima nilikuwa nimejizoeza kufeli. Nilitaka kumkasirikia yeye lakini hakuwa na kosa. Zilibaki wiki tatu.

Jioni ileile nilimwomba binti yangu aondoe kila kitu cha Kifaransa kwenye ile mashine. Alibonyeza mara nne tu, ikawa imekwisha. Nikakaa mbele yake, nikainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani nikaanza kuandika kwa kidole kimoja, nadonoa kama kuku. Niliona aibu hata mbele ya mtoto wangu mwenyewe. Siku nne nilidonoa hivyo. Nilikuwa naangalia kila kitufe, na kadiri nilivyoangalia ndivyo nilivyozidi kuchelewa.

Siku ya tano nilimsimulia binti yangu habari za yule mwalimu na vitenge vyake. Nilitaka tu kupumzika kidogo. Aliinuka, akaenda chumbani kwangu, akarudi na kitenge changu cha buluu na vibanio viwili vya nguo. Akanifunga ncha mbili shingoni, akabana nyingine mbili kwenye skrini, akafungua kitabu chake cha biolojia mbele yangu. Kisha akavuta kiti akakaa upande wangu, mikono ameikunja kifuani, mkali kuliko mwalimu wa Bukavu.

"Start over," alisema nilipochungulia. Nikaanza upya.

"Start over, Mama." Nikaanza tena.

Hivyo ndivyo tulivyoishi wiki mbili. Kila alasiri kabla ya zamu yangu, ukurasa mmoja wa figo, mmoja wa mapafu, mmoja wa majani ya mimea. Mara nyingine nilimtukana aliyebuni kibodi ile kwa lugha tatu, naye alisubiri nimalize ndipo aseme nianze upya. Yeye ndiye aliyesoma makosa yangu na kuyahesabu. Mimi alinikataza kuyaona. Siku alizokuwa na furaha alinipigia makofi kwa vidole viwili. Nikiri kwamba nilianza kuzipenda alasiri zile hata kuliko kazi niliyokuwa naitafuta, kwa sababu tangu tufike nchi hii yeye ndiye alikuwa akijifunza na mimi nikimsubiri nje ya lango la shule.

Asubuhi ya mtihani wa pili nilipata wasiwasi. Nikaitoa laptopu ya zamani kabatini, nikaiwasha, nikasema niandike salamu fupi kwa baba ili vidole vipate nguvu mahali vilipopazoea. Niliandika mstari mmoja na kutazama. Ulikuwa umejaa makosa. Vidole vilikuwa vinaitafuta a mahali pa Waingereza. Iliniuma, sitasema uongo. Mashine ile nilikuja nayo mapajani kwenye ndege mbili, na sasa ilikuwa hainijui. Halafu nikaelewa maana ya kile nilichokuwa nakitazama, nikaanza kucheka peke yangu, nikaifunga na kumwita rafiki yangu aje anichukue.

Msimamizi alinikumbuka. Nilimwuliza kama sheria zinakataza mtu kufunika mikono yake. Aliuliza kufunika kwa nini, nikamwonyesha kitenge. Alifikiri kidogo akasema haoni sheria yoyote. Nikajifunga shingoni, nikakitandaza juu ya kibodi, nikakibana kwa vibanio vya binti yangu. Wanawake wawili waliokuwa wanangoja zamu yao waliacha kuongea.

Nikaanza. Baada ya neno la kwanza nilishikwa na hamu kali ya kutazama skrini. Safari ile nyingine sikuwa na hamu hiyo kwa sababu sikujua. Sasa nilijua mikono inaweza kukimbia dakika tano nzima ikinidanganya. Nilimkumbuka binti yangu na mikono yake kifuani, macho yangu nikayaacha palepale kwenye karatasi, neno kwa neno, mpaka yule mama aliposema muda umekwisha. Hata hapo sikutazama. Nilikunja mikono mapajani chini ya kitenge na kusubiri.

Alikaa muda mrefu akisoma. Kisha akaigeuza skrini.

Maneno yalikuwa maneno. Arobaini na sita kwa dakika, makosa matatu. Si kasi yangu ya zamani, hata karibu haijafika, lakini niliyasoma yote kuanzia juu mpaka chini kama barua niliyoandikiwa mimi. Yule mama akaniuliza nimejifunzia wapi kuandika hivyo. Nikamwambia Bukavu, na tena jikoni kwangu.

Alicheka, akanifungulia fomu ya kazi palepale kwenye kompyuta na kuniachia kiti. Jina, anwani, simu. Chini yake kulikuwa na swali lile la siku zote, nimewahi kufanya kazi gani, na nafasi ilikuwa fupi kama kawaida. Nilimtazama mama yule usoni, nikiwa namjibu kitu alichoniuliza kuhusu siku ya kuanza, na vidole vikaandika sekretari, miaka kumi na moja. Kitenge kilikuwa bado kiko shingoni.