Vitu Visivyolia

Nikiwa msichana mdogo huko Tabaka, miaka ile ya arobaini, nilikuwa na tabia iliyomkosesha mama usingizi: nikitazama kitu, sikukiachia. Waswahili husema macho hayana pazia. Kwetu Gusii yalitakiwa kuwa nalo.

Wanaume walichimba jiwe laini na kulichonga. Sisi wasichana tulisugua bakuli zao kwa maji na majani yenye kukwaruza. Mimi nilitaka kuchonga. Niliokota vipande vilivyotupwa, na kwa kisu kilichovunjika ncha nikachonga vitu vya nyumbani: mchi, kibuyu cha maziwa, jiwe la kusagia wimbi. Ili uchonge kibuyu lazima ukitazame hadi ujue kinapovimba na kinapobana shingo. Nyanya hakupenda.

"Kerubo, punguza macho," aliniambia. "Kuna watu wana jicho na wenyewe hawajui. Wakimkazia macho mtoto mchanga, punje na makapi yaliyo karibu yanamwingia kwenye ngozi. Anaungua mpaka anakufa. Na jicho hilo binti hulipata kwa mama yake."

Sikio la kufa halisikii dawa. Niliendelea kutazama.

Moraa, mke wa baba yangu mdogo, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume baada ya kumzika mwingine. Asubuhi moja nilimkuta uani akipepeta wimbi, mtoto amelazwa uchi juu ya ngozi ya ng'ombe apate jua. Nilikuwa nimefuata ungo. Nilitaka kujua ukingo wake umesukwaje. Moraa alipouweka chini apumzike, mtoto akaushika kwa vidole vyake. Basi nikachutama, nikatazama vile vidole vilivyobana ule ukingo, na nikasahau nilipo. Nilipoinua uso Moraa alikuwa ananitazama mimi.

Jua lilipoanza kushuka tulisikia kilio. Moraa aliingia kwetu na mtoto mikononi, mwili wa moto, amekataa ziwa, vipele vimemtapakaa.

"Mama Kerubo," alimwambia mama, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, "binti yako amemtazama mwanangu."

"Binti yangu hana jicho," mama alisema.

"Basi amelitoa wapi?"

Hata mimi, kwa umri ule, nilielewa kilichokuwa kimening'inia pale. Mtoto akifa, mimi nitaitwa mwenye jicho, na mama ataitwa aliyelileta jicho bomani. Hakuna nyumba yenye mtoto ambayo ingetufungulia mlango tena. Majirani walishaanza kusogea, na baba alikuwa machimboni.

Nyanya alipasha samli moto kidogo, akampakata mtoto, akanielekezea kidole.

"Wewe, geukia ukuta. Usigeuke mpaka nikuambie."

Niligeuka. Paji langu liligusa udongo wa ukuta, na tangu hapo sikuona kitu. Nilisikia kiganja cha nyanya kikisugua ngozi, polepole, kikiviringisha. Nilisikia mama akipumua. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, kisha kilio kikawa kwikwi, kisha kwikwi zikakatika.

Kimya kile sijakisahau. Nilijua amekufa, na nilijua nimemuua kwa kumtazama, na mkojo ulinishuka miguuni nikiwa nimesimama. Nilitaka mama anishike. Hakuja.

Ndipo Moraa akasema, "Ananyonya."

Nyanya alinigeuza, akanionyesha kiganja. Kwenye samli mlikuwa na punje za wimbi na makapi, nyeusi nyeusi. Leo mwenye shule kidogo ataniambia kwamba mtoto aliyelala uchi kando ya mtu anayepepeta lazima ashikwe na makapi, na kwamba homa za watoto huja na kwenda. Hayo nimejiambia mwenyewe mara nyingi. Lakini mwenye shule hakusimama pale ukutani.

"Hatutasema una jicho," nyanya alisema, wote wakisikia. "Ila kuanzia leo, penye mtoto mchanga utatazama chini. Macho yako yape vitu visivyolia, omwana one, mwanangu."

Nilitii. Na kwa kuwa nilitazama chini, niliona mengi: vitako vya vyungu, vigoda, mafiga, midomo ya majembe iliyolika upande mmoja. Nilivichonga vyote, na baadaye watu wakavinunua. Wageni huniuliza kwa nini sichongi nyuso kama wenzangu. Huwaambia napenda vitu vya kawaida, nao huinamisha kichwa kwa heshima. Simlaumu nyanya, alituokoa mimi na mama siku ile, na kazi yangu yote imetokana na amri yake.

Lakini niliolewa, nikazaa, na hakuna aliyeniambia kwamba sasa ruhusa ya kutazama ipo. Mwaka jana binti yangu wa kwanza, naye ni mama sasa, alinijia na ombi. Alitaka nimchonge alivyokuwa siku zile za kwanza za uchanga wake, kwa sababu picha hatukuwa nazo.

"Wewe ndiye pekee uliyeniona, mama," alisema.

Nilishika jiwe siku nzima. Beseni nililomwogeshea ningeweza kulichonga hata gizani, pamoja na mahali lilipobonyea. Nilimwogesha kila siku, nikiyatazama maji.