Minueti ya kurasa mbili

Leo nimemfokea mgonjwa.

Naandika haraka, kompyuta yenye imeili ni moja tu hapa kiwandani, na karani ataitaka akimaliza chai.

Mnajua vile nimeingojea fuga. Ule muziki wa kizamani wa Ulaya, mikono miwili inaimba kama kwaya nzima. Mwalimu wangu wa piano alisema akitoka hospitali Kapkatet tutachagua moja.

Basi leo nimepanda mpaka kwake Sosiot, kitabu kwapani, matope mpaka magoti.

Amekonda, jamani.

Akafungua kitabu, akazipita fuga zote, akaweka kidole kwa minueti. Kawimbo kafupi ka dansi, kurasa mbili, ile hupigwa na watoto wanaoanza.

Nikasema, "Mwalimu, mbona unanirudisha nasari?"

Akakunja kona ya ukurasa ule.

Hapo ndipo sauti ilinipanda. Nikamwambia kama anaona siwezi, aseme tu.

"Unaweza," akasema. "Lakini fuga ni kazi ya mwaka mzima. Mimi nataka kusikia kitu mpaka mwisho."

Mkewe alikuwa anamimina chai. Kikombe kikajaa, chai ikamwagikia meza, naye bado anamimina.

Nimechukua minueti.

Shida ni kwamba si ngumu. Nikikalia piano ya kanisa kesho na kesho kutwa, nitakuwa nimeiweza, na yeye hatakuwa na kingine cha kungojea.

Sasa niambieni nyinyi. Mngeenda kumpigia yote, ama mngejifanya bado mnakosea?