Roshani ya Nyumba ya Tatu

Wifi yangu ana mdomo, hilo simfichi mtu. Lakini Jumamosi asubuhi, akianza kuwatembeza wageni wa ofisi ya utalii katika mtaa wa nyumba za kale, mdomo huohuo hugeuka asali.

Miaka thelathini na mitano alishona mapazia ya nyumba zile. Hakuna dirisha ambalo hakulipima kwa tepu yake. Anaposema bibi wa ghorofani alipenda kitambaa chepesi ili jua la saa mbili limwamshe taratibu, wageni hutulia, na hata mimi niliyeyasikia hayo mara mia hujiona nimelala kwenye kitanda kile, pazia likipumua usoni pangu.

Macho yake yalianza kufifia mwaka juzi. Siku hizi anaona mwanga na vivuli tu, na siri hiyo tunaijua wawili.

"Ukinisema ofisini, wifi, watanirudisha nyumbani, na nyumbani nitaoza," aliniambia.

Basi mimi namshika mkono, yeye anahesabu hatua, na kazi inakwenda.

Jumamosi hiyo tulifika nyumba ya tatu. Akainua mkono. "Tazameni ile roshani ya mbao. Pale mabinti watatu walikuwa wakikausha nywele zao. Nikija kupima madirisha, wananimwagia maua kichwani."

Alikuwa akitabasamu kuelekea juu. Roshani ilikuwa imeng'olewa Alhamisi. Nilijua, na nilishindwa kumwambia.

"Mama, mbona hakuna roshani?" akauliza bwana mmoja mwenye kamera.

Nikamfinya wifi mkono, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Sioni," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Anayetaka kurudi, arudi. Na ofisini mkaseme."

Hakuna aliyeondoka. Mwanamke mmoja aliyesimama nyuma akauliza polepole, "Hayo maua yalikuwa ya rangi gani?"

Wifi akaigeukia sauti. Meupe, akasema, yenye manjano kidogo katikati, na mengine aliyakuta jioni yamejificha kwenye mkoba wa tepu. Tulisimama pale tukiutazama ukuta mtupu, na naapa niliona nywele zikipepea.

Wakati wa kuagana, bwana wa kamera alimshika mkono. "Mimi ofisini kwenu hata sipajui, mama."

Tulipobaki wawili, wifi akanigeukia, amevimba kwa hasira. "Kuna kingine ulichonificha?"

"Vile vioo vya rangi juu ya mlango wa nyumba ya pili. Wameviziba kwa mbao."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

Akasimama. Miezi mitano alikuwa akiwaonyesha watu jinsi mwanga mwekundu na wa buluu ulivyomwagika sakafuni.

"Na wote wakanyamaza! Sasa walikuwa wakitazama nini?"

"Walikuwa wakikutazama wewe, wifi."