Kaburi la Marakuja

Ukipita mtaani kwetu Nyamianda ukasikia wanamtaja "yule aliyezika ng'ombe", usiulize zaidi, ni mimi. Mpaka leo nikienda sokoni kununua visamaki vya ndagala kuna mama mmoja huniuliza kama nyumbani hatujafiwa, wenzake wanainama kucheka, na mimi nacheka nao, kwa meno tu.

Mambo yalianza na bustani. Nyuma ya nyumba yetu kuna kipande chembamba cha uwanja, kati ya ukuta wa jirani na jiko, udongo wake ni mchanga na kokoto zilizoletwa na mafuriko, hata mboga za lengalenga zilikuwa zinaota kwa shingo upande. Mimi nikajitia fundi wa maua. Nikainua tuta moja refu (nafasi yenyewe nyembamba, jamani, ningefanyaje?), nikalizungushia mawe mvua isilibomoe, na chini nikafukia mifupa ya ng'ombe niliyoomba machinjioni, kwa sababu rafiki mmoja alisema mifupa ni mbolea nzuri ya marakuja. Upande mmoja nikapanda marakuja, upande wa pili vile vimti vyenye majani marefu mekundu nilivyovikata siku nilipopita njia ya milimani. Niliviona vinapendeza, basi, sikumuuliza mtu huko wanavipanda wapi na kwa nini.

Wakati huohuo dada yangu mdogo, Zawadi, alikuwa amepata mchumba, Byamungu, kijana mpole wa Rurambo, kule milimani, na wazee wake wakatuma ujumbe kwamba Jumamosi wanashuka kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Baba yetu alikwisha fariki zamani na kuzikwa kijijini. Mama alikuwa amekwama Bujumbura kwa dada yetu aliyejifungua, mpaka wa nchi umefungwa.

Zawadi, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akaniambia, "Yaya, tungojee mama arudie."

"Minye si mukubwa wa hii nyumba?" nikamjibu. "Wakuje tu."

Kichwa ngumu, mnaona.

Asubuhi ya Jumamosi nikakuta marakuja inatafuta pa kupanda, nikafunga vijiti viwili, kimoja kimesimama, kingine kimekingama juu yake, nikavichomeka kichwani mwa tuta. Umeme haukuwepo, sebuleni joto la kuokea mkate, basi nikatoa viti vyote nikavipanga kule nyuma, wageni wapate hewa na (niseme kweli) waone kazi ya mikono yangu.

Wakaja. Mbele baba mkubwa wa Byamungu, mzee mrefu mwenye kofia na fimbo, nyuma yake mashangazi watatu. Nikawaongoza bustanini kwa madaha, "Karibuni jarde!" Walipokunja kona ya jiko mzee akasimama, akavua kofia. Shangazi mmoja akashika kichwa kwa mikono miwili akaanza kulia, na wenzake wakampokea.

"Mama yenu iko wapi?" mzee akauliza polepole.

"Iko Bujumbura, papa."

Akaangalia tuta, akaangalia vijiti, akaangalia vile vimti vyekundu. (Baadaye ndipo nikajua kwamba kwao mti ule hupandwa kwenye mipaka ya shamba na juu ya wafu.) Akasema, "Mutoto, mama yenu alikufa, na munatuita tuongee mahari pembeni ya kaburi yake?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, mbele ya watu wanaomlilia mama yangu. Nikapiga simu ya mama, haipatikani, nikapiga tena, haipatikani. Zawadi akatokea na sinia la Fanta, amevaa kitenge kipya, akaona yote kwa mara moja, akaninong'oneza, "Yaya, keti, uwaelezee polepole." Laiti ningeketi. Nilikwenda kuchukua jembe.

"Hakuna muntu mule!" nikapiga kelele. "Muangalie wenyewe!"

Mashangazi wakapiga yowe, majirani wakapanda ukutani, na mimi nachimba tu kama mwendawazimu, marakuja ikaanguka, ukatoka mfupa wa paja, kisha taya zima na meno yake. Mzee akainama, akaliokota, akaligeuza. Mtu aliyekulia zizini hahitaji kuambiwa.

"Hii ni ya ng'ombe," akasema.

"Si minye niliwaambia!" Nilifurahi nusura nimkumbatie.

Yeye hakufurahi. "Shiye tulikuja kukupatia ng'ombe," akasema. "Weye ulishaizika mbele ya kuipata, na musalaba juu yake."

Akaliweka taya chini taratibu, akavaa kofia, wakaondoka. Fanta hazikufunguliwa hata moja.

Mpaka ulipofunguliwa mama alirudi, akapanda mwenyewe Rurambo kwa miguu yake ili wamwone yu hai. Walimpokea vizuri, wakampa maziwa, wakamwambia kwamba machozi yamekwisha kumwagika juu ya ndoa hiyo na ng'ombe wamezikwa kabla ya kutolewa, hawawezi kutoa wengine. Byamungu alimpigia Zawadi simu kwa muda, halafu akanyamaza. Sasa ana mke, binti wa Lubarika.

Tangu hapo nimeapa, kwangu ni lengalenga tu, tena kwenye udongo tambarare, na mgeni wangu anaketi sebuleni hata akilowa jasho. Vile vimti vyekundu niliving'oa nikavitupa nyuma ya choo. Vikaota. Juzi nimekwenda na panga kuvimaliza, nikamkuta Zawadi anavimwagia maji ya kuoshea vyombo, na udongo chini yake umepaliliwa vizuri.

"Sogea, niikate," nikamwambia.

Hakuniangalia. "Wacha iote, yaya. Wale wazee hawakukosea. Iko muntu ulizika."

Nikarudisha panga jikoni.