Safari Isiyo na Msiba

Nilipomwambia binti yangu kwamba nakwenda Msumbiji, aliacha kufua akanitazama.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Sasa unakwenda kufanya nini, Mama?"

Simlaumu. Ng'ambo ya Ruvuma nimekwenda mara tatu, na mara zote nilikwenda kuzika. Rafiki yangu wa kule tulijuana tukiwa wasichana. Kwao kulikuwa na vita, wazazi wake wakavuka mto wakaja kukaa Mpitimbi, shamba lao likapakana na letu. Tulichota maji kisima kimoja na kuchapwa kwa makosa yale yale. Vita vilipoisha wakarudi kwao. Yeye akaolewa huko, mimi nikaolewa huku. Nilimwona tena nilipokwenda kumzika mama yake, halafu mume wake, halafu mtoto wake wa kwanza. Mara hiyo ya tatu alinisindikiza hadi barabarani, macho yamevimba, akasema, "Sisi wawili siku hizi tunaonana kwa kulia tu." Maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Na ile nchi naipenda, niseme wazi. Wanawake wa kule hawakuulizi habari za safari kabla hujapewa maji ya kunawa miguu. Wakicheka wanashika ukuta wasianguke. Watoto ambao hawaelewi Kiswahili changu huniita vovó, bibi kwa Kireno chao, na kunitandikia mkeka kabla sijasema nimechoka. Mara tatu nimekwenda na majonzi, mara tatu nimerudi kwangu Mshangano na hamu ya kwenda tena. Nikaamua ya nne nakwenda kucheka. Tena mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, maana goti langu la kushoto halinipi ahadi yoyote.

Binti yangu ni mwalimu, anaishi Msamala, na ana haraka ya kumaliza mambo. "Basi ukifika ofisi ya uhamiaji kuomba hati ya safari, sema una msiba. Hawatakuuliza mengi."

"Nimuue mwenzangu kwa mdomo ili nipate kumwona? Mwalimu mzima unanifundisha hivyo?"

Akarudi kwenye nguo zake.

Ofisini, kijana wa mezani aliniamkia vizuri. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Akachukua fomu. "Sababu ya safari? Biashara?"

"Sina biashara."

"Matibabu?"

"Mimi mzima."

"Msiba?"

"Ishia hapo hapo."

Mwanaume mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Bibi ana mchumba ng'ambo!" Foleni nzima ikacheka. Nikageuka. "Kama ninaye, basi ana meno mengi kuliko wewe." Wakacheka zaidi, yeye akafunga mdomo.

"Nikuandikie matembezi?" kijana akauliza.

"Matembezi gani na goti hili? Andika kusalimia."

"Bibi, kusalimia si sababu."

"Wewe umelelewa na nani? Nina wajukuu kumi na mmoja, na yule mdogo kabisa anajua kwamba kusalimia ni sababu. Nipe kalamu."

Niliishia darasa la tatu, lakini herufi zangu nazijua. Niliandika KUSALIMIA, kubwa, mpaka A ya mwisho ikatoka nje ya kisanduku. Kijana akaitazama, akakuna shingo, akaenda kumwita mkubwa wake. Akatoka mama mmoja mwenye miwani, akanikagua toka kilemba mpaka kandambili.

"Unakwenda kumsalimia nani?"

"Mtu ambaye hajafa."

Akagonga muhuri.

Rafiki yangu nilikuwa nimempigia simu, kwa hiyo alinipokea barabarani. Lakini siku ya kwanza ilitushinda. Msibani kuna kazi: kuni, masufuria makubwa, kuwapokea watu. Sasa hapakuwa na kazi. Tulikaa mkekani tukitazama kuku, kila mmoja akisema "Mm," na mwenzake akiitikia "Mm." Nikaanza kuogopa. Labda kweli tulichobakiwa nacho ni machozi, na mimi nimebishana na serikali kwa ajili ya kuku.

Asubuhi ya pili nikachukua mchi nimsaidie kutwanga. Akanitazama kidogo.

"Hivi wewe bado unatwanga kama unaua nyoka?"

"Na wewe bado unapepeta kama unaaga watu stendi."

"Ndiyo maana yule kijana wa Mpitimbi alikukimbia."

"Alinikimbia? Mimi ndiye niliyemkataa! Wewe ulimwokota!"

Mkwe wake akatoka ndani mbio, akidhani tunagombana. Tulikuwa tunagombana. Mahindi yakaisha, tukaendelea bila mahindi, mwenzangu ameshika ukuta, mimi chozi la kicheko linanitoka.

Siku niliyoahidi kurudi, binti yangu akapiga simu. "Mama, uko njiani?"

"Siko njiani. Huyu mtu bado hajakubali kwamba yule kijana nilimkataa mimi."