Daftari la Seva na Keki ya Dulcie

Verna Youd hakuwa mtu wa kubembeleza. Kila Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, alifungua chumba cha intaneti nyuma ya maktaba ya Quoin Creek, akachomeka birika la umeme, akapanga vikombe saba, kisha akaketi kwenye kiti chake chenye mto kungoja watu waliokwama. Na waliokwama hawakukosa. Mwaka ule wa 1998, kila mtu huku kaskazini-magharibi mwa Tasmania alitaka tovuti. Aliyekwisha kuipata alitaka iwe na fomu ya wageni kujaza, na aliyetaka fomu alinakili mahali fulani skripti, programu fupi ya lugha ya Perl, asiyoielewa, akaipandisha kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, akaambulia ukurasa mweupe wenye mstari mmoja unaosema kuna hitilafu ndani ya seva. Hitilafu gani, ukurasa hausemi. Hapo ndipo mtu alipovaa koti lake la mvua akaenda kwa Verna.

Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na minne kwenye chumba cha kompyuta cha kiwanda cha karatasi. Kule, zamu mpya ikiingia, hakuna mkono uliogusa mashine kabla macho hayajasoma daftari la mashine, ambamo yameandikwa yote yaliyotokea tangu jana. Kiwanda kilipompunguza kazi alichukua kiinua mgongo, sufuria ya ukumbusho na tabia hiyo moja. Na seva nayo, bahati nzuri, ina daftari lake: faili ambamo inajiandikia yenyewe kila aliyebisha hodi, alichoomba, na lililoharibika.

Kwa hiyo ukutani alibandika kadibodi yenye maswali matatu. Imekuambia nini? Daftari limesema nini? Ulibadilisha nini mara ya mwisho? Chini yake palikuwa na sheria: atakayesema "haifanyi kazi" ataosha vikombe.

"Verna, hii fomu yangu haifanyi—" alianza Trudi Bolch, muuza maua, siku moja, kisha akajiziba mdomo.

"Umesema nusu," alisema Verna. "Utaosha vitatu na nusu."

"Nusu kikombe kinaoshwaje, jamani?"

"Utajua mwenyewe. Daftari limesema nini?"

"Sijalitazama. Naliogopa."

"Mficha maradhi kifo kitamuumbua, Trudi. Fungua."

Daftari lilisema seva haina ruhusa ya kuendesha faili lile. Trudi alibadilisha ruhusa, akabonyeza, fomu ya maua ikafunguka, akapiga ukelele hadi mkutubi akachungulia. Mara nyingine ilikuwa mstari mtupu uliosahauliwa kati ya kichwa cha jibu na ukurasa wenyewe. Mara nyingine ilikuwa skripti iliyoandikwa kwenye kompyuta ya nyumbani, ambayo humaliza kila mstari kwa alama isiyoonekana kwa macho na isiyopendwa na seva. Verna aliyajua makosa haya kama mwalimu wa chekechea anavyojua mafua, na hakuchoka nayo. Ukweli ni kwamba aliyapenda. Ule ukelele wa mtu aliyekwama wiki nzima akafunguka ghafla ulimtia raha kuliko kitu chochote alichokuwa nacho nyumbani, na nyumbani alikuwa na televisheni kubwa.

Colin Febey alianza kuja mwezi wa Agosti. Alikuwa na miaka sitini na saba, ng'ombe wa maziwa na viazi, na alikuwa na adabu ya kuvua mabuti yake ya mpira mlangoni na kuingia kwa soksi, moja nyeusi moja ya kijivu. Mkewe, Dulcie, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa miaka ishirini na sita Dulcie ndiye aliyeendesha banda la mapishi kwenye maonyesho ya kilimo ya mji, na washindani wote aliwaandika kwa mkono wake. Alipokufa hakuna aliyetaka kazi ile, na Col alisema ataifanya yeye. Kwa kuwa mwandiko wake hausomeki hata na mwenyewe, akasema watu watajiandikisha kwa intaneti.

Heather Spaulding, mwenyekiti wa maonyesho, hakumficha kitu. "Sawa, Col. Lakini majina yakipotea, mwaka huu banda halifunguliwi. Sina mtu wa kuzunguka mji mzima akigonga milango kuuliza nani anapika nini."

Banda la Dulcie lisifunguliwe! Col alilisikia neno hilo kifuani. Akaja kila Jumamosi, akaandika skripti yake kwa kidole kimoja, akaosha vikombe mara tisa. Mwishoni mwa Septemba ilikubali. Mtu aliandika jina na pishi lake, akabonyeza, akapata ukurasa wa shukrani.

Verna aliipitia kwa miwani kabla haijatangazwa mjini, akaguna. "Fomu yako inapitisha kila kitu juu kwenye anwani ya ukurasa. Jina la mtu, keki yake, simu yake, vyote viko pale juu vimeanikwa kama nguo. Tena seva inaviandika daftarini neno kwa neno. Badilisha hapa, neno moja tu."

"Nitabadilisha leo leo," alisema Col.

Usajili ulifungwa Ijumaa jioni, katikati ya Oktoba. Jumamosi asubuhi, dakika kumi baada ya saa tatu, Col aliingia. Hakuvua mabuti. Alikanyaga zulia kwa matope hadi kwenye meza ya Verna na kumwekea karatasi moja iliyochapwa. Ilikuwa na jina moja.

"Hilo tu," alisema. "Faili zima lina jina hilo tu. Gwenda Sushames, jamu ya matunda. Watu wananisimamisha dukani wiki mbili sasa, Col nimeshajiandikisha, Col nimeshajiandikisha. Wako wapi? Mchapishaji wa kijitabu cha maonyesho anataka orodha saa sita."

Verna hakumkumbusha vikombe. "Imekuambia nini?"

"Haijasema kitu! Hakuna hitilafu. Imewashukuru wote."

"Nionyeshe inavyofungua faili."

Col alionyesha. Verna aliinama, akatazama, akavua miwani. Kwenye Perl, ukifungua faili kwa alama moja ya mshale, unaiambia kompyuta futa ubao uandike upya. Mishale miwili, andika chini ya yaliyopo. Col aliweka mmoja. Kila mpishi aliyejiandikisha alimfuta aliyemtangulia, na skripti ikamshukuru kwa adabu. Col alipojaribu nyumbani aliandika jina moja, akatazama faili, akaona jina moja, akaridhika. Tangu hapo hakugusa tena kitu, asije akaharibu.

Col aliyasikiliza maelezo hayo, kisha akaketi taratibu. "Kwa hiyo nimewafuta wote. Mmoja mmoja."

"Tumewafuta," alisema Verna. Uso ulikuwa umemwiva. "Skripti hii niliisoma mimi. Nikaona lile neno la fomu nikakufokea, na mshale ulikuwa mistari minne chini yake. Sikuuona. Miaka ishirini na minne, Col, na sikuuona. Nisamehe."

"Ah, wewe tena! Hata lile neno sikubadilisha."

"Neno gani?"

"La fomu. Ulilosema." Col alitazama mabuti yake. "Niliogopa. Kitu kilikuwa kinakwenda, nikasema nikikigusa kitasimama. Nilikudanganya, basi. Vikombe nitaosha."

Verna alisimama ghafla hata kiti kikaenda kugonga kabati. "Hukubadilisha?"

"Sasa unanifokea tena?"

"Colin Febey, hukubadilisha! Mzee mkaidi wewe, Mungu akuweke! Nilikuambia seva inaandika nini daftarini?"

Col aliinua macho. Alitazama kadibodi ukutani, swali la pili. "Kila kitu," alisema polepole. "Neno kwa neno."

Daftari halikuwa limefutwa tangu tovuti ifunguliwe, nalo lilikuwa nene. Kwa modemu ya maktaba lingechukua dakika ishirini na tano kushuka, na laini ya modemu ndiyo hiyo hiyo ya simu ya mkutubi. Mtu akiinua simu, kazi yote inakatika. Trudi, aliyekuja na swali lake dogo, alitumwa kuilinda. Walimsikia kupitia ukutani. "Samahani mama, simu hii inatumika. Najua haina mtu sikioni. Inatumika hivyo hivyo."

Faili lilishuka mara ya pili, maana mara ya kwanza Trudi alipiga chafya, mkutubi akawahi simu. Ilikuwa saa nne na nusu. Kila mstari ulikuwa msongamano wa tarehe, namba na alama, na katikati yake, palipotakiwa nafasi pakiwa na alama za kujumlisha, palionekana jina la mtu na keki yake ya sponji.

"Lichukue uandike wewe," alisema Col. "Utamaliza kwa dakika mbili."

"Nitamaliza. Halafu mwakani? Weka kidole chako hapo."

"Verna, saa sita!"

"Basi acha kuongea."

Akaandika. Fungua daftari, soma mstari, kama una neno la fomu toa jina na pishi, rudisha nafasi mahali pake, andika kwenye faili jipya. Mistari kumi na mmoja. Aliiendesha, ikamgomea, na Verna akaona midomo yake ikianza kuunda yale maneno mawili. Col aliyameza. Akasoma kilichoandikwa kwenye kioo, akashuka hadi mstari wa tano, akaongeza alama aliyoisahau. Kabla ya kubonyeza tena alipandisha kidole kwenye mshale wa faili jipya, akauongezea wa pili.

"Hapa hata mmoja ungetosha," alisema Verna.

"Sitaki kuuona tena mmoja maisha yangu."

Akabonyeza. Majina yakaanza kuporomoka kwenye kioo, moja juu ya jingine, vimkate vya skoni vya boga, keki za nazi, achari za vitunguu, ndugu wawili wasiosemezana walioingia shindano moja la mkate, Heather mwenyewe mara nne kwa sababu alibonyeza akidhani haijasikia. Col alicheka kwa sauti ambayo mjini haikuwa imesikika tangu mazishi. Trudi aliacha simu akaja mbio, wakashikana mikono na kurukaruka, matope yakazidi kutapakaa. Verna aliwatazama akijifanya anafuta miwani. Lakini hakuwa anafuta miwani. Alikuwa anafuta macho.

Kisha wakaanza kusafisha orodha kutoka juu, na juu kabisa mistari kumi na mmoja ilikuwa na kitu kimoja. Dulcie Febey, keki ya matunda. Dulcie Febey, keki ya matunda. Tarehe zote za Septemba.

Col akatazama pembeni.

"Hizo ni zangu za kujaribu, hadi ilipokubali," alisema Col. "Ilibidi niandike jina fulani. Zifute."

"Kumi nafuta," alisema Verna. "Moja naiacha."

"Verna, nani ataipika?"

"Wewe. Dulcie aliipikaje?"

"Iko kwenye kitabu chake cha jikoni. Sijakifungua tangu..."

Verna hakufoka. Alinyoosha tu mkono akagusa kadibodi ukutani, pale kwenye swali la pili, akauacha mkono hapo kidogo.

Orodha ilifika kwa mchapishaji dakika nane kabla ya saa sita.

Wiki mbili baadaye banda la mapishi lilijaa hadi meza zikaongezwa. Keki ya matunda ya Dulcie Febey, iliyopikwa na Colin Febey, ilikuwa ya tatu kutoka mwisho, na ilikuwa na shimo katikati ambamo sahani ya kikombe ingelala. Jaji alikuwa ameweka kadi yake pembeni. Hakuna nishani.

"Pole, Col," alisema Trudi. "Haikufanya—"

"Vikombe!" walisema Col na Verna kwa pamoja, watu wakageuka.

"Kadi imesema nini?" aliuliza Verna.

Col aliisoma. "Ladha safi sana. Katikati imezama. Tanuri limefunguliwa mapema."

"Ulifungua mapema?"

"Nilichungulia. Mara mbili. Tatu."

"Kitabu ulikisoma?"

"Nilisoma ukurasa wa keki. Siagi, mayai, zabibu, muda. Nikaona yatosha."

"Ukurasa mmoja! Mimi nawafundisha nini kila Jumamosi, kunywa chai? Unacho hapo?"

Alikuwa nacho, ndani ya mfuko wa koti, kimefungwa kwa taulo ya jikoni. Akakifungua mezani kando ya keki, akageuza ukurasa ambao hakuugeuza nyumbani. Nyuma ya maelezo ya keki, Dulcie alikuwa ameandika, mwaka baada ya mwaka, kila keki ilivyotoka. Kwa juu kabisa, wino ukiwa umefifia, ilikuwa ile ya kwanza. Col aliisoma kwa sauti.

"Imezama katikati. Nilichungulia. Col amesema ndivyo anavyoipenda, amekula nusu akiwa amesimama."

Alibaki ameshika kile kitabu. Halafu akacheka, machozi yakishuka, wala hakuyaficha. Aliomba kisu kwa Heather, akaikata keki pale pale mezani kinyume cha kanuni zote za maonyesho, akampa Verna kipande cha katikati, pale palipozama. Kisha akaazima kalamu ya jaji, akatafuta mstari mtupu chini ya mwandiko wa mkewe, akaandika tarehe.