Nilivyofuta nakshi za kofia za mama nikihangaika kucheza game kwenye Linux

Wakuu, asalaam aleikum, na msioitikia salamu hiyo, habari zenu za mchana.

Haya nitakayoandika yamenipata mimi mwenyewe, nyumbani kwetu Likoni. Mashahidi wapo wawili, na mmoja wao mpaka leo ananisemeza kwa shida. Sijaongeza chumvi. Mkiona nimeruka kitu mniulize.

Kazi yangu ni karani bandarini kule Kipevu, nahesabu makontena yanayopakiwa kwenye malori. Nikitoka zamu nilitaka nirudi nyumbani nicheze game ya kuendesha malori.

Ndiyo, chekeni. Kazini malori, nyumbani malori.

Laptop yenyewe si yangu. Ni ya dada yangu mkubwa, Rukia. Yeye ameolewa Kisauni, lakini aliiacha kwa mama kwa sababu ya kazi ya mama, nitaieleza sasa hivi. Ilikuwa nzito, unaiwasha unakwenda kuchemsha chai unarudi bado inafikiria. Mimi ndiye niliyeiondolea Windows nikaiwekea Linux ikawa nyepesi, na Rukia akanisifu mbele ya shemeji. Tangu siku hiyo nikajiona fundi. Kichwa kilivimba, wakuu, na hilo ndilo lililoniponza.

Sasa kazi ya mama.

Mama yangu ni mshonaji wa kofia za viua, zile za mkono zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Kofia moja humaliza wiki kadhaa. Nakshi zake hakuwahi kuziandika popote, zote alikuwa nazo kichwani na mkononi. Kisha akapatwa na presha ya macho. Daktari akasema kilichokwenda hakirudi. Sasa hivi anaona vivuli na mwanga wa dirisha tu.

Kabla macho hayajafunga kabisa, Rukia alikaa naye mwaka mzima. Mama anataja safu kwa safu, Rukia anachora kwenye laptop, kitundu hiki, nafasi, kitundu kile. Nakshi arobaini na tatu, kila moja na faili yake, kwenye folda moja iitwayo Viua. Akina mama wawili wa mtaani ndio wanaoshona sasa, wanakuja kuangalia safu kwenye laptop, na mama anapapasa kwa vidole kuona kama wamepatia.

Bila folda ile mama hana kazi. Hilo nililijua vizuri, tena kabla.

Kulikuwa na nakala moja kwenye flashi ya Rukia. Jamaa wa kazini alipokubali kunipa ile game, nilihitaji flashi ya kuibebea. Nikamwambia Rukia, "Nipe flashi yako, zile nakshi si zipo kwenye laptop?" Akasema sawa, akanipa. Nikaifuta flashi nipate nafasi ya game.

Hapo hata sikuogopa. Ningeogopa mapema ingenisaidia.

Tuje kwenye game. Ni ya Windows. Kwenye Linux unaiendesha kwa programu inayoitwa Wine, ambayo inaidanganya game iamini kwamba iko Windows. Inaitengenezea C: ya bandia. Lakini pia inaipa Z:, na hiyo si bandia hata kidogo. Z: ni laptop yako yote ilivyo, na faili zako zote zimo.

Installer iliponiuliza niiweke wapi, nikaona C: ya Wine imefichwa ndani ndani, na mimi nilitaka pahali pa karibu ili niongeze mods, yale malori ya ziada watu wanayotengeneza wenyewe. Nikachagua Z:, nikaingia Documents. Kawaida installer huongeza jina la game mwishoni ili ipate folda yake yenyewe. Mimi nikalifuta lile jina. Kwa nini? Haraka tu. Nikabakisha Documents tupu, nikabonyeza Next.

Mafaili ya game yakamwagika humo, ubavuni mwa folda ya Viua. Niliona. Nikasema nitapanga baadaye.

Game ikakataa kufunguka sawasawa. Injini inasikika, honi inasikika, hata mvua kwenye kioo inasikika, lakini screen nyeusi tii. Nilipambana siku mbili. Nikabadilisha driver ya screen, nikashusha version ya Wine, nikajaribu kwenye dirisha dogo badala ya screen nzima. Wapi!

Nikaja humu humu jukwaani kuuliza. Mkuu mmoja akanijibu kwa wema kabisa kwamba niiuninstall, kisha niiweke upya mahali safi. Ushauri wake ulikuwa sahihi. Asijilaumu akisoma hapa.

Ilikuwa mchana, mama yuko baraza la nyuma na uzi wake. Nikafungua uninstaller. Ikaniuliza kama nataka iondoe kila kitu kilichomo kwenye folda ya game. Nikabonyeza Yes bila hata kumaliza kusoma.

Ule mstari wa kijani ukawa unatembea polepole kuliko nilivyotarajia. Juu yake majina ya faili yanapita. Sauti za injini, picha za barabara. Halafu nikaona neno Viua.

Wakuu! Nikabonyeza Cancel mara sijui ngapi. Ilipokubali, nikafungua Documents.

Hamna kitu. Nikaenda kwenye Trash, hamna kitu. Uninstaller haipitishi kitu Trash, inafuta moja kwa moja. Kwake yeye folda ya game ilikuwa Documents, kama nilivyoiambia mwenyewe.

Nikiwa nimekodoa macho hivyo, mama akaita kutoka nyuma.

"Baba! Hebu nifungulie Jicho la Kuku. Mwanasha aja sasa hivi, safu ya pili imemtatiza."

Baba ni mimi, ndivyo anavyoniita. Jicho la Kuku ni moja ya nakshi zake, na Mwanasha ni mmoja wa wale akina mama wawili wanaoshona.

Nikasema, "Naam, mama. Laptop inafanya update, ngoja kidogo."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Mwanasha alipofika nikamwambia vilevile, akaenda zake. Nilisikia mama akimwambia, "Kijana wangu ajua mambo haya, atakufungulia kesho." Nilitamani ardhi ipasuke.

Kosa langu la pili lilikuja hapo hapo. Nilianza kudownload programu za kufufua faili, moja baada ya nyingine, kwenye laptop ile ile. Dakika kumi hivi. Ndipo nikampigia Katana, fundi wa kompyuta aliye Magongo, tuliyesoma naye.

"Wafanya nini sasa hivi?" akaniuliza.

"Nadownload ya kufufulia."

"Zima! Usiifunge vizuri, zima tu. Toa betri. Kila unachoingiza humo chaweza kukalia pahali pa zile faili. Zima ndugu yangu!"

Nikaing'oa betri huku simu iko begani. Sijawahi kuogopa kitu kama zile dakika kumi. Kufuta ni ajali, lakini huenda ningerudishiwa kila kitu, na mimi mwenyewe nikakifukia kwa pupa yangu.

Siku ya pili nikaipeleka Magongo kabla ya zamu. Katana akaniambia bahati yangu ni kwamba laptop ni ya zamani, ina diski ya kuzunguka, kwa hiyo kilichofutwa hubaki mpaka kitu kingine kikikalie. Kwenye zile diski mpya za SSD mara nyingi hata jaribio halipo. Akatoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, akaniambia nirudi baada ya siku tatu.

Siku tatu zile msiniulize nilizipitishaje. Kazini nilihesabu kontena moja mara mbili, dereva akanicheka.   Nyumbani, mama nilishamwambia laptop iko kwa fundi inasafishwa vumbi, akasema, "Haya," kisha akaongeza, "Sauti yako si yako, mwanangu." Nikasema ni mafua.

Rukia akipiga simu siipokei.

Siku ya tatu Katana alinikalisha kwenye stuli yake. Faili zimepatikana, akasema. Nikataka kumkumbatia, akanizuia kwa mkono.

Programu ya kufufua inarudisha picha lakini hairudishi majina. Mbele yangu kulikuwa na maelfu ya picha zenye nambari tu. Picha za barabara za game, za arusi, na katikati yake vile vitundu na nafasi. Kwangu mimi zote ni vitundu. Jicho la Kuku na Nyota Saba sizitofautishi hata unipige. Rukia naye alichora tu alichotajiwa.

Katika dunia nzima mtu wa kuzitambua zote ni mmoja, na ni yule ninayemdanganya.

Nilirudi Likoni na zile picha, nikakaa na mama barazani. Shikamoo yangu ilimtosha kujua kuna neno.

"Nambia," akasema. "Siku tatu wewe walizunguka neno hili kama kuku anayetaka kutaga."

Nikamwambia yote. Game, flashi, Yes niliyoibonyeza, na update ya uongo.  Hakunipigia kelele. Aliendelea kukunja uzi kidoleni mpaka ukaisha, akaufungua, akaanza kuukunja tena.

"Unazo hizo picha?"

"Ninazo, mama. Sijui ipi ni ipi."

"Haya. Nisomee."

Ndivyo tulivyofanya, wakuu, kila alasiri baada ya zamu, karibu wiki mbili. Mimi nasoma, "Tatu, nafasi, moja, nafasi, tatu. Safu ya pili, mbili, nafasi, tano..." Yeye kafumba macho, vidole vinacheza hewani kama ameshika sindano. Safu ya tatu au ya nne anasema, "Hiyo Mkia wa Taa. Andika." Naandika jina, tunakwenda nyingine.

Mara moja tu alicheka, niliporuka kitundu akanirudisha. "Hapo umemng'oa kuku jicho!"

Siku moja Rukia alikuja bila kuarifu, akatukuta katikati ya kusoma. Nilimweleza mlangoni. Aliniambia maneno machache tu: "Ulisema zipo kwenye laptop. Nami nikakuamini." Tangu hapo ni salamu na kwaheri.

Tulifika arobaini na mbili.

Mama akasema, "Bado ya babenu."

Hiyo sikuwa naijua kabisa. Kumbe alipoolewa alimshonea marehemu baba kofia ambayo nakshi yake hakumshonea mtu mwingine maisha yake yote, wala hakuipa jina. Baba alipofariki, nguo zake ziligawiwa kama desturi yetu ilivyo, na kofia ikaenda humo. Mama mwenyewe ndiye aliyesema iende, iwe sadaka yake. Alikuwa bado anaona, na nakshi alikuwa nayo mkononi. Baadaye akamtajia Rukia aichore, mara moja tu.

Nilipitia picha zote upya. Nikazipitia tena. Nikarudi Magongo, Katana akapekua diski kwa siku nyingine mbili. Pale ilipokuwa pamekaliwa na kitu kingine. Sikumuuliza ni kitu gani, kwa sababu najua nilikuwa nadownload nini siku ile.

Mama alijaribu kunitajia kwa kichwa. Safu ya kwanza ikaja, ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Ya sita vidole vikasimama. Akarudi mwanzo, vikasimama pale pale.

"Mkono ndio uliokuwa wajua," akasema. "Mimi nilikuwa naufuata tu."

Nilikwenda kulia chooni, sioni haya kusema.

Sasa, mafunzo. Kama unaendesha game kwa Wine, usiiweke Z: juu ya folda zako, iache kwenye C: yake ya bandia. Installer ikikuandikia folda yenye jina la game, usilifute. Usibonyeze Yes kwenye neno ambalo hujamaliza kulisoma. Ukifuta kwa bahati mbaya, zima mashine hapo hapo, usidownload chochote. Nakala moja si backup. Siku hizi Viua iko kwenye flashi mbili na nakala nyingine iko kwa Rukia, ambaye hanipi hata niishike.

Na ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo. Zile siku tatu nilijiumiza bure.

Game sijaigusa tena. Mtu asiniambie solution ya ile screen nyeusi, siitaki.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Kofia ya baba niliibeba mwenyewe ndani ya fungu la nguo, bila kujua thamani yake, mpaka msikitini, nikamkabidhi mzee aliyekuwa akigawa. Mzee yule naye ametangulia. Kofia iko kichwani mwa mtu, huenda hapa Likoni, huenda Kisauni au Changamwe. Nikiswali nasimama safu ya nyuma, na Mungu anisamehe, naangalia vichwa.

Ni nyeupe ya maziwa. Safu ya kwanza viua vitatu, nafasi, viua vitatu kuzunguka kofia nzima. Ya pili kimoja kimoja. Ya tatu vinne vimekaa mshazari. Ya nne ni kama ya pili. Ya tano viwili, nafasi, kimoja. Angalieni za baba zenu na babu zenu. Ukiiona, usimvue mtu, ni yake kwa haki. Omba ruhusa, piga picha, weka hapa chini. Wa kunitukana pia mnakaribishwa, nimeshajitukana vya kutosha lakini nafasi ipo.

Nawaharakisha kwa sababu moja. Wiki jana nilimwomba mama azirudie safu zile, nikitumaini ya sita itakuja. Alifika ya nne tu, akaniuliza mimi inayofuata ni ipi.